Mshika Kamba wa Nanzia

Hapo zamani, wakati asali ya mlimani bado ilikuwa ikiteremshwa kwa migongo ya watu, palikuwa na mjane aliyeitwa Nanzia. Sogeeni, na wa nyuma wasogee pia. Kisa hiki nilipokisikia nilikikuta hakina mwisho, na tangu siku hiyo natafuta watu wa kunisaidia kukimaliza.

Nanzia alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilining'inia kwenye miti iliyoinamia korongo, miti mirefu ambayo hata nyani huipanda kwa kufikiri kwanza. Huko mtu hapandi bila kamba, na kamba yataka watu wawili. Mmoja hujifunga kiunoni akapanda. Mwingine hubaki chini, ameizungusha kwenye kisiki, ameishika. Wa juu akiteleza, wa chini ndiye anayemzuia asianguke. Mshika kamba, ndivyo alivyoitwa. Watu wa mlima ule walikuwa wakisema mrina asali ana roho mbili: moja iko kifuani mwake, nyingine iko viganjani mwa mshika kamba.

Miaka yote Nanzia na mumewe, Mbonea, walishikiana kamba. Leo anapanda mume, kesho anapanda mke. Kisha Nanzia akajifungua mtoto wa pili, na msimu ukamkuta bado yuko ndani na kichanga. Mbonea akaenda msituni na watu wengine: mdogo wake aliyeitwa Mashambo, na rafiki yake wa tangu utotoni aliyeitwa Senkondo. Walikwenda watatu. Walirudi wawili, wamembeba wa tatu.

"Kamba imekatika," alisema Senkondo, akilia, uso umevimba kwa miiba ya nyuki.

"Kamba imekatika," alisema Mashambo, akitazama chini.

Watu wakalia, wakazika, wakatoa pole. Lakini kamba yenyewe ilirudi pamoja na maiti, imeviringishwa ndani ya kapu. Nanzia aliitoa akaipitisha mikononi, tangu ncha hii hadi ncha ile. Haikuwa na mkato. Haikuwa na hata uzi mmoja uliofumuka. Kamba ilikuwa nzima.

Nanzia hakumwonyesha mtu mwingine. Aliirudisha kapuni akafunika. Tangu siku hiyo, wale wawili walipoingia uani kumjulia hali aliwakaribisha, aliwapa maji ya kunywa, na moyoni alijiuliza: ni huyu, au ni yule, au ni wote wawili?

Mwaka ukapita, miti ikaanza kuchanua tena. Nyumbani kwa Nanzia mboga ilipikwa bila chumvi, maana asali ndiyo iliyokuwa ikileta chumvi, na nguo, na jembe. Na desturi ya pale ilikuwa kali: mizinga isiyorinwa misimu miwili haina mwenyewe, achukue anayeweza. Nanzia alikuwa anaweza kupanda. Alichokosa ni mtu wa kumshikia kamba.

Wakaja watu watatu.

Alianza Mashambo. "Shemeji," alisema, "mimi ni damu ya marehemu. Watoto wake ni wanangu. Kamba ni haki yangu."

Nanzia akawaza: na mimi nikianguka, mizinga nayo inakuwa haki yako.

Akaja Senkondo. "Shemeji, mimi na Mbonea tulinyonya ziwa moja na kuchunga mbuzi mmoja. Nipe nikushikie. Naomba tu unipe."

Nanzia akawaza: mara ya mwisho ulipokwenda na mrina, nilizika.

Akaja wa tatu, Ndaro, mtu wa bondeni, msokota kamba, aliyehamia mlimani mwaka ule ule. Hakuna aliyejua kwa nini aliliacha bonde lao, na yeye hakuwa mtu wa kusema. "Mama," alisema, "maneno sina. Kamba nazijua."

Nanzia akawaza: na mimi sikujui wewe.

Aliwatazama wote watatu, akasema, "Twendeni msituni, tukakague mizinga kabla ya kurina. Tutalala huko. Tukirudi, nitasema ni nani." Moyoni lakini alikuwa ameshaamua: haendi kumchagua mtu, anakwenda kumkamata.

Basi wakapanda. Katika msitu ule hakuna anayelala chini. Chini ni siafu, chini ni nyoka, chini ni maji yanayotokea bila kupiga hodi. Watu hulala kwenye machela, kitanda cha kamba kilichosukwa kama wavu, kikafungwa kichwani mti huu na miguuni mti ule, na juu yake paa la ngozi. Kila mmoja alikuwa na machela yake mgongoni.

Nanzia alichagua pale pale alipozoea kulala na Mbonea: kichwani mti wa mkulo mnene, mkongwe, na miguuni mti mwembamba, karibu na ukingo wa korongo. Ndaro aliutazama ule mkulo, akafumbua kinywa.

"Sikilizeni," Nanzia alimkata kauli kabla hajatoa sauti. "Mahali pangu nachagua mwenyewe. Fundo langu nafunga mwenyewe. Atakayetia neno juu ya mahali pangu, au mkono juu ya fundo langu, ateremke arudi nyumbani."

Ndaro akafumba kinywa.

Nanzia alifunga, akakaza. Wenzake walipogeuka, alichomoa uzi mwembamba kwenye upindo wa kaniki yake, akaukata vipande viwili, akapitisha kimoja katika fundo la kichwani na kingine katika fundo la miguuni. Mkono wowote ukigusa fundo, uzi utasema.

Kisha akaenda peke yake kutazama mizinga ya ng'ambo ya kijito. Alikawia kwa makusudi. Aliporudi, jua lilikuwa limepotea ingawa bado ni alasiri, na mawingu yamekaa juu ya korongo kama moshi wa shamba linalochomwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye machela yake. Uzi wa kichwani ulikuwepo. Uzi wa miguuni ulikuwa umekatika.

Akageuka polepole, akawatazama. Mashambo alikuwa ameketi kwenye jiwe, ananoa kisu. Senkondo alikuwa amelala kwenye machela yake, macho yamefumbwa, lakini kope zinacheza. Ndaro alikuwa anatoka vichakani, mikono mitupu, kuni hana, maji hana.

"Mmeshindaje?" aliuliza Nanzia.

"Salama, shemeji," alisema Mashambo, na kisu hakikusimama.

"Salama," alisema Senkondo bila kufumbua macho.

Ndaro aliitikia kwa kichwa.

Nanzia alilivuta lile fundo. Limekaza. Alitaka kulifungua alifunge upya, alitaka kukagua wavu wote, lakini matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kupiga majani. Mvua waliiona ikitoka upande wa pili wa korongo, ikitembea juu ya miti kuwajia, na nyuma yake upepo. Kila mtu akakimbilia machela yake. Nanzia alijilaza, akavuta paa la ngozi, akachomoa kisu chake kidogo akakibana kifuani.

Jamani, mvua ile! Haikuanguka, ilimwagwa. Radi ilipasua mti mmoja huko juu, harufu ya kuungua ikawafikia ndani ya maji. Machela zikawa zinapepeta watu kama mchele kwenye ungo. Chini ya Nanzia ardhi ilikuwa imekwisha kuwa mto, siafu wanaelea kwa mafungu. Alichungulia. Machela ya Senkondo inayumba, mtu yumo. Machela ya Ndaro inayumba tupu. Hamna mtu. Na katikati ya mvua, amelowa chapachapa, Mashambo anakuja kwake mbio, kisu mkononi.

"Shuka!" Mashambo alipiga kelele.

"Kwa nini?"

"Shuka, shemeji! Mti!"

Nanzia akautazama mkulo. Umesimama, mnene, kama siku zote. Akamtazama Mashambo: macho yamemtoka, kisu kinang'aa. Akasema moyoni, basi ni huyu. Akanyoosha kisu chake kidogo. "Rudi nyuma! Ukinisogelea nakuchoma!"

Mashambo hakurudi nyuma. Aliupita mkono wake, akakata kamba ya kichwani. Kamba ikalia tap! Nanzia akaanguka kichwa mbele, mkono wa kushoto ukatangulia, akasikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia maumivu, akabingirikia kando kwenye tope. Alikuwa ametia pumzi apige yowe, amlaani, awaite mababu zake washuhudie. Hakuwahi. Mkulo uliguna, mguno mmoja mrefu, ukalala. Ulilala pale pale ilipokuwa machela yake, ukauponda ule mti mwembamba wa miguuni, ukang'oa mizizi, na mizizi ikang'oa ukingo.

Sasa ardhi yenyewe ikaondoka. Tope lilimbeba Nanzia, machela imemviringa miguuni kama mtego, likamteremsha kuelekea korongoni. Alikwangua kwa mkono mmoja, akapata majani, majani yakang'oka. Miguu yake ilishapita ukingo. Ndipo kitu kikamvuta, ghafla, kwa nguvu, akakwama hapo. Kamba. Kamba nyembamba, mpya, iliyofungwa chini ya wavu wa machela upande wa miguuni, iliyotambaa chini ya majani hadi kwenye jabali kule juu. Yeye hakuifunga. Hakuwahi kuiona.

Akaning'inia kwenye kamba asiyoijua, mvua inampiga usoni. Na kamba ikaanza kusogea. Huko juu, kitanzi kilikuwa kinateleza juu ya jabali lililolowa, kidogo, na tena kidogo.

Mashambo alikuwa upande wa pili wa gogo, amebanwa na matawi, anayakata na kutukana. Senkondo ndiye aliyeruka kutoka kwenye machela yake. Kitanzi kilipochomoka, kamba ilimkuta mikononi. Ilimburuta, akapiga miguu kwenye jiwe, akaizungusha mgongoni, akalala nayo. Nanzia hakumwona. Alimsikia tu, sauti kama ya mtu anayepigwa:

"Siachii! Leo siachii! Siachii!"

Kamba ilimchuna viganja hadi nyama ikaonekana. Hakuachia. Alikuwa bado hajaachia Mashambo alipopenya matawi, akateremka kwa tumbo, akamshika Nanzia kwenye mshipi akamtoa. Hata walipomlaza mahali salama, vidole vya Senkondo ilibidi wavikunjue kimoja kimoja.

Hapo ndipo Ndaro alipotokea, anahema. "Nimepata pango," alisema. Akaliona gogo, akaiona kamba yake, akamwona Nanzia. Hakuuliza kitu. Alitangulia, wakamfuata.

Pangoni walimfunga Nanzia mkono kwa banzi na vipande vya kaniki. Hakulala, na hakuruhusu mtu amlishe. Aliketi ameegemea mwamba, kisu mapajani, akiwatazama. Kulipopambazuka, mvua ikiwa imekwisha na ndege wameanza, alisema:

"Hatuteremki mpaka nijue. Nani aligusa fundo langu?"

"Mimi, mama," alisema Ndaro.

"Kwa nini?"

"Ule mkulo umeoza ndani. Kwenye mizizi kulikuwa na unga wa mchwa. Nilitaka kukwambia, ukanikata kauli. Nami ni mgeni, ningesema ungesema nina hila. Basi nilikufungia kamba ya pili."

"Ulijua mti umeoza, ukaniacha nilale chini yake?"

Ndaro akainamisha kichwa. "Nilipoona mvua imezidi nilikwenda kutafuta mahali pakavu ili niwahamishe wote. Nilidhani nitawahi."

"Ulidhani!" Nanzia akamgeukia Mashambo. "Na wewe? Ulinijia na kisu kama mtu anayechinja. Umenivunja mkono."

"Nilisikia mizizi ikikatika," alisema Mashambo. "Nilikwambia shuka, ukanionyesha kisu. Kukubembeleza ningekubembeleza saa ngapi? Najua unavyonitazama, shemeji. Unasema huyu anangoja nife arithi. Sawa. Basi jana nilikuwa na haja gani ya kujisumbua? Ningekaa kwenye machela yangu, nikajifunika ngozi yangu. Mti ungefanya kazi, na hakuna ambaye angeninyooshea kidole."

Neno lile lilimwingia Nanzia, na hakupenda lilivyomwingia. Kisha akamtazama Senkondo, ambaye alikuwa ameketi viganja juu, vimefungwa majani.

"Wewe ulisema leo. Nilikusikia. 'Leo siachii.' Kwa nini leo?"

Mashambo akasema haraka, "Shemeji, mtu ameumia, mwache."

"Sikukuuliza wewe."

Senkondo aliviangalia viganja vyake. "Kamba haikukatika," alisema. "Siku ile ya Mbonea. Nyuki waliteremka kwa kamba, wakanijaa usoni, machoni, puani. Nilishika. Nakuapia nilishika. Kisha mikono ikaenda usoni yenyewe. Niliachia, shemeji. Ni mimi. Hakuna usiku ambao siachii tena."

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema neno lolote lingine. Nanzia alihisi kitu alichokibeba mwaka mzima kikitua, na kilipotua hakikuwa chepesi. Alimtazama Mashambo.

"Na wewe ulijua?"

"Nilikuwa nimekwenda kuwasha mwenge wa kufukuzia nyuki," alisema Mashambo. "Niliporudi nikaiona kamba nzima, na yeye amevimba hata macho hayaonekani. Nilimzika kaka yangu, sikutaka kumzika na rafiki yake. Ningesema kweli, watu wangemuua siku ile ile. Nikasema kilichosemwa."

"Mwaka mzima ukinywa maji uani kwangu."

"Mwaka mzima," alisema Mashambo.

Walimteremsha mlimani kwa machela ile ile iliyotaka kumuua, wameipitisha gongo, wawili wanabeba, mmoja anapokezana. Kila gongo lilipohama bega, Nanzia alitazama ni bega la nani.

Mfupa ukaunga. Msimu ukawadia, nyuki wakajaa, na watu wa vijiji vingine wakaanza kuulizana kama ile mizinga ya ukingoni bado ina mwenyewe. Wale watatu wakaja tena uani.

Mashambo alisema, "Shemeji, kweli nilikuficha neno, na mkono nilikuvunja. Lakini ningeogopa kukuudhi, ungekuwa hai? Mshika kamba si mtu wa kukubembeleza. Ni mtu wa kufanya linalotakiwa wakati wewe mwenyewe hulitaki. Na nilifanya, wakati kifo chako kilikuwa faida yangu. Nipe kamba."

Ndaro alisema, "Mama, kweli nilivunja amri yako, na nilinyamaza pasipo haki ya kunyamaza. Lakini hawa wawili walikuja ajali ilipokwisha kuanza. Mimi nilikuja kabla. Bila fundo langu, huyu angeshika nini? Mimi sina deni la marehemu wala tamaa ya urithi. Nipe kamba."

Senkondo alikuwa wa mwisho, na alichelewa kusema. Viganja vyake vilikuwa vimepona, lakini vimejikunja kidogo, havinyooki. "Mimi niliachia, na mimi nilishika," alisema. "Hawa wanakwambia wangeshika. Hawajui. Mtu hajui mikono yake mpaka siku ile. Mimi yangu naijua pande zote mbili. Ukininyima, sitalalamika. Lakini kama unatafuta mtu ambaye hawezi kuachia tena, hata akiliwa na nyuki akabaki mifupa, nipe kamba."

Nanzia alisimama mlangoni. Ndani mtoto mdogo alikuwa analia, yule aliyezaliwa msimu aliokufa Mbonea. Alimtazama wa kwanza akaona kisu. Alimtazama wa pili akaona kinywa kilichofumbwa. Alimtazama wa tatu akamwona Mbonea akianguka. Akamtazama tena wa kwanza, kwa sababu hakuna wa nne.

Naona mama mmoja pale ameshatikisa kichwa, na mzee huyu ameshanyoosha kidole. Ngojeni, msijibu kwa haraka, na asijibu ambaye hajawahi kuning'inia. Anayekata akuokoe, huku akiwa amekuficha kifo cha mumeo. Anayekufungia kamba kwa siri, huku akikuacha chini ya mti uliooza. Na anayekushika hadi nyama ikatoka, kwa mikono ile ile iliyomwachia mumeo. Nyuki hawangoji. Ncha moja ya kamba Nanzia ameshajifunga kiunoni, na ile nyingine ameinyoosha mbele yao.

Je, nani alistahili kuipokea?